Jogoo wa Baba Ange

"Mama Ange, hii batoto ya kuku unaipaka rangi juu ya nini? Unaipeleka ku ndoa?"

Ndivyo alivyouliza Béatrice, jirani wa nyumba ya pili, siku alipochungulia juu ya uzio wa waya na kumkuta Flavia amechuchumaa kwenye majani, kifaranga mmoja kiganjani, kichupa cha rangi ya keki kando ya goti. Vifaranga saba walikuwa tayari wekundu kama pilipili. Wanne walikuwa bado wa manjano, wamefungiwa kwenye boksi wakingoja zamu yao.

"Ni kwa ajili ya mwewe," alijibu Flavia. "Juzi amebeba wawili. Akiona rangi anashtuka, anadhani si kuku."

"Mwewe ya huku?" Béatrice alicheka mpaka akashika waya. "Dada, mwewe ya huku imesoma. Hainaogopa rangi. Bon, jaribu tu."

Flavia hakucheka. Si kwamba alikasirika. Kicheko hakikuja, basi. Tangu mwezi wa tisa mambo mengi yalikuwa hayaji. Alimpaka kifaranga tumbo, mgongo, mabawa, akampuliza ili akauke, akamchukua mwingine.

Kupaka vifaranga alikujua tangu utotoni. Alikulia kambi ya Mtabila, kule Kasulu, wazazi wake wakiwa wamekimbia Burundi, na mama yake hakumwachia kifaranga atoke nje bila kumpaka. Mama alitumia dawa ya zambarau ya vidonda, ile ya zahanati, na mwewe wa Mtabila walipita juu bila kushuka. Hapa Columbus, Marekani, kwenye duka la karibu na mtaa wa Linden, Flavia hakuiona dawa ya zambarau. Aliona pakiti ya rangi za keki, chupa nne. Nyekundu ndiyo iliyokuwa kubwa. Akachukua hiyo. Rangi ni rangi, alijiambia.

Na kweli mwewe hakurudi.

Mume wake, Jovini, alikuwa amefariki miezi minane kabla. Alimaliza zamu kiwandani, akatembea hadi kwenye gari, akakaa, hakuliwasha. Walisema ni moyo. Siku ya mazishi watu walilia, shemeji yake Minani alilia, binti yake Ange alilia mpaka akabebwa. Flavia alisimama ameshika mkoba wa mwanamke asiyemjua, aliyempa amshikie ili apate kulia vizuri. Aliushika mpaka mwisho, akaurudisha. Watu wa kanisa walisema ana imani kubwa. Yeye alijua kwamba haikuwa imani. Aliomba asubuhi, aliomba jioni, maneno yalitoka kinywani sawasawa kama bomba la maji, lakini ndani kulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Baada ya maziko Ange, aliyekuwa na miaka ishirini, alihamia Louisville kufanya kazi ya kupanga mizigo ghala moja na rafiki zake. Alisema ni kwa sababu ya mshahara. Flavia hakumuuliza zaidi. Nyumbani akabaki yeye, matetea watano, na jogoo.

Huyo jogoo alikuwa wa Jovini. Alimleta akiwa kifaranga ndani ya koti la kazi, miaka mitatu iliyopita, akamkabidhi Ange, na Ange akamlea jikoni, pale sakafuni panapotokea hewa ya moto. Baba na binti walimlisha ubwabwa kwa vidole. Akakua mkubwa, mweusi, shingo ya dhahabu, na roho mbaya. Mleta barua alikuwa akiacha barua kwa Béatrice kwa sababu yake. Flavia mwenyewe alikuwa na alama mbili nyuma ya mguu, zilizochimbwa na vile vipi vyake vya kisigino. Jovini peke yake ndiye aliyeweza kumkumbatia kwapani na kuzunguka naye uani. "Huyu ni askari," alikuwa akisema. "Askari hapendwi na raia."

Vifaranga hawa kumi na mmoja walikuwa wa kwanza kuanguliwa uani tangu Jovini aondoke. Tetea wa kahawia alikuwa ameatamia chini ya ngazi bila mtu kujua. Siku Flavia alipomwona anatoka na msafara wake, alisimama na bakuli mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane alijikuta anataka kitu. Alitaka waishi. Ni hilo tu. Si furaha, wala si faraja. Alitaka wale wadogo waishi, na aliushika huo utashi kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kigae kutoka kwa jirani.

Alipaka rangi Jumatatu. Jumanne jioni akakuta mmoja amekufa kando ya chombo cha maji, ametobolewa mgongo.

Jumatano alikuwa dirishani anaosha vyombo. Alisikia kelele, akatazama. Jogoo aliruka kutoka upande wa banda kwa nguvu zote, tetea mweupe akakimbia, na vumbi lilipotulia jogoo alikuwa amesimama juu ya kifaranga. Kifaranga alikuwa chali. Mdomo wa jogoo ulikuwa mwekundu.

Flavia alifuta mikono, akatoka na ufagio.

Siku hiyo yote alifanya kazi ya ulinzi. Alitoa kapu kubwa la plastiki la nguo chafu, lile lenye matundu, akalifunika juu ya tetea wa kahawia na watoto wake, akaweka tofali juu. Jogoo alilizunguka kapu lile kama mlinzi wa geti. Vifaranga, kwa udogo wao, walipenya kwenye matundu wakatoka. Alileta mbao, akaziba. Alileta waya, akafunga pembe. Alimrushia jogoo mahindi upande wa pili ili amshughulishe; jogoo alidonoa mawili matatu, akarudi palepale kwenye kapu. Jioni mwingine akafa. Asubuhi ya Alhamisi akakuta mmoja amekufa ndani ya kapu lenyewe, pamoja na mama yake. Aliwaza kwamba huyo alijeruhiwa jana na jeraha limemmaliza usiku. Alimchukua kwa karatasi, akamzika chini ya nyanya, karibu na wenzake watatu. Akabaki na saba.

Mtu mwangalifu naye hukosea, tena hukosea vizuri zaidi, kwa kuwa haamini kwamba anaweza kukosea.

Alhamisi hiyo mchana Ange alipiga simu, kuuliza siku ya Jumamosi waanze saa ngapi. Jumamosi ilikuwa siku ya kuganduka, ndivyo Warundi wanavyoiita: siku ambayo ukoo unakutana, mkubwa wa familia anasimama, anatamka kwamba msiba umekwisha, na mjane anavua kitambaa cheusi. Minani, kaka mkubwa wa Jovini, angetoka Buffalo kuja kutamka.

"Jogoo wa baba yako anaua vifaranga," Flavia alimwambia.

"Umemwona anaua?"

"Nimemwona amesimama juu yake. Mdomo una damu."

"Mama, kusimama siyo kuua."

"Wamekufa wanne, Ange."

"Huyo hapigi watoto. Anapiga watu wakubwa tu. Baba alikuwa anamwekea vifaranga wa dukani mgongoni, hukumbuki? Anatulia kama sofa." Sauti ya Ange ilianza kukimbia, akaingiza Kiingereza, akarudi. "Mama, usimchinje. Please. Ngoja nifike. Jumamosi nitamchukua, nitampeleka kwa yule mtu wa shamba, nimeshamuuliza. Sema sawa."

"Sawa," alisema Flavia.

Alilisema kama anavyosema sawa kwa fundi wa bomba, kwa mchungaji, kwa daktari. Neno lilitoka, halikugusa kitu lilipopita.

Minani aliwasili Ijumaa kabla ya saa sita, amelala njiani saa mbili tu. Alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa katika mtaa wa Lower West Side huko Buffalo, mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba chumvi. Alimsalimu mjane wa ndugu yake kwa mikono miwili, akaomba, akanywa chai, kisha akatoka uani kunyoosha miguu. Hatua ya nne jogoo alimrukia, akampasua suruali ya kitambaa kuanzia gotini.

"Eh! Shemeji! Huyu ni kuku au ni mwasi?"

"Ni wa marehemu," alisema Flavia kutoka mlangoni. "Anaua vifaranga. Leo asubuhi wawili tena."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wamebaki watano.

Minani alitazama suruali yake, akamtazama jogoo, akalitazama kapu na lile tofali juu. "Na kesho tunalisha watu arobaini. Bwana ametuandalia. Lete kisu."

Hapo ndipo Flavia alipokuwa na nafasi ya kusema: Ange kasema tungoje. Alilijua neno hilo, lilikuwa mdomoni. Lakini aliwaona wale watano wamejibanza ubavuni mwa mama yao, mmoja ametoka upara mgongoni, na akaona kama kesho ni mbali sana, na kwamba mpaka gari la kutoka Louisville lifike kutakuwa hakuna kilichobaki cha kulinda. Yeye mwenyewe asingechinja. Kwao mwanamke hachinji, hata akikaa na kuku mwaka mzima atangoja mwanamume apite njia. Mwanamume alikuwa amepita. Asipochinja yeye leo, nani mwingine?

Akaleta kisu.

Kumkamata kuliwachukua muda. Mwishowe Flavia alienda chumbani, akachukua koti la kazi la Jovini lililokuwa bado nyuma ya mlango, akamtupia. Jogoo alipofunikwa na lile koti alinyamaza mara moja. Hakupigana tena. Minani alimbeba hivyohivyo mpaka nyuma ya banda.

Béatrice alikuja kusaidia kumnyonyoa jogoo pamoja na kuku wengine sita walionunuliwa wakiwa tayari wamechinjwa. Walikaa kwenye ngazi za nyuma, ndoo ya maji ya moto katikati yao. Minani alikuwa ndani, amelala kwenye kochi.

"Sasa kuna amani," alisema Flavia, akaenda kuondoa tofali, akafunua kapu. Tetea wa kahawia akatoka na wanawe watano. Wakatawanyika kwenye majani. Flavia alirudi kwenye ndoo.

Haikupita hata nusu saa.

"Mama Ange," alisema Béatrice taratibu. "Angalia."

Tetea mweupe alikuwa amemfuata kifaranga mmoja mpaka kwenye kona ya waya. Alimdonoa mgongoni, pale palipokuwa pekundu zaidi. Mara moja, mara mbili. Tetea mwingine akaja mbio, naye akadonoa. Kifaranga akapiga kelele, akakimbilia kwa mama yake, na mama yake, tetea wa kahawia aliyemwatamia siku ishirini na moja chini ya ngazi, aliinamisha kichwa akamtazama kwa jicho moja, akamdonoa palepale.

Béatrice alikuwa wa kwanza kusimama. Walikamata vifaranga kwa mikono yenye manyoya, wakawaweka kwenye sufuria kubwa, wakafunika. Walipata wanne tu wazima.

"Ni ile rangi," alisema Béatrice, akihema. "Kuku akiona nyekundu, anawaza ni damu. Kwetu Uvira mama aliikataa kabisa. Akisema paka zambarau, paka bluu, kila rangi, lakini nyekundu hapana. Ile siku nilicheka tu, sikukumbuka."

Flavia alikuwa ameketi tena. Alikuwa anaitazama kona ya waya, lakini alichokiona ni Jumatano, yeye dirishani, povu mikononi. Jogoo kuruka kutoka upande wa banda. Tetea mweupe kukimbia. Alikuwa ameona kila kitu. Alikuwa ameona tetea anakimbia na akadhani anamkimbia muuaji. Hata ule wekundu mdomoni, huenda ulikuwa damu ya tetea. Na jogoo kulizunguka lile kapu siku tatu, na mahindi kushindwa kumvuta. Na yule aliyekufa ndani, ambako jogoo asingeweza hata kuingiza shingo.

"Alikuwa anawafukuza," alisema.

"Nani?"

"Jogoo. Alikuwa anawafukuza matetea."

Béatrice alitazama ndani ya ndoo, ambamo jogoo alikuwa nusu mweusi nusu mtupu, shingo ikielea. Alikwenda kwake akarudi na kichupa cha dawa ya zambarau, kilichonunuliwa duka la Wakongo, na kwa pamba wakawapaka wale wanne juu ya wekundu mpaka wakawa rangi ya bilinganya. Wakawaachia mmoja, kwa kujaribu. Tetea wa kahawia alimkagua, akamfungulia bawa.

"Bon," alisema Béatrice, akinawa. "Unisikilize vizuri. Usiseme kwa mtu. Kuku imekwisha kufa, haitafufuka. Kesho ni siku yako ya kutoka matanga. Minani anajua jogoo aliua, watu watajua jogoo aliua, mtoto atajua jogoo aliua. Atalia kidogo, itaisha."

"Mungu ameona."

"Mungu ameona, ndiyo. Mungu hana shida. Ange ndiye hajaona. Muache vile."

Flavia aliendelea kunyonyoa. Alingoja kitu kimchome. Hakikumchoma. Alinyonyoa manyoya ya shingo, yale ya dhahabu, moja moja, akayaweka kando kwenye karatasi, hakujua kwa nini, kisha akayatupa pamoja na mengine.

Jumamosi nyumba ilijaa. Viti vilitoka kanisani, watoto walikaa kwenye ngazi, masufuria yalipangwa jikoni kwa mistari. Minani alisimama sebuleni amevaa suti, akasimulia maisha ya ndugu yake, tangu Mtabila mpaka kiwanda, akasema ukoo umemaliza kulia, akamvua Flavia kitambaa cheusi na kumfunga cheupe. Wanawake walipiga vigelegele. Flavia alihisi hewa kwenye masikio. Ni hilo tu alilolihisi.

Chakula kilikuwa kimeanza kugawiwa Ange alipoingia. Foleni ya magari ilimchelewesha njiani. Alikuwa amekonda, kofia ya kazi kichwani, boksi tupu la kubebea jogoo mkononi, lenye matundu ubavuni. Alisalimia watu wazima mmoja mmoja, kwa kuinama, kama alivyofundishwa. Alimkumbatia mama yake. Halafu akapita katikati ya watu mpaka mlango wa nyuma, akatoka, na wote waliokaa karibu na dirisha walimwona anatembea uani, anainama chini ya ngazi, anachungulia bandani.

Aliporudi alikuwa bado na boksi.

"Yuko wapi?"

Minani alicheka kwa upole. "Binti yangu, kaa kwanza, kula." Mtu akamwekea Ange sahani mkononi, ugali, maharage, paja. "Yule alikuwa muuaji. Amemaliza vifaranga vya mama yako, akanipasua na suruali. Mama yako amefanya uamuzi wa hekima. Nyumba haikai na muuaji."

"Kweli," alisema mzee mmoja. "Jogoo wa hivyo ni mchuzi tu."

Watu wakacheka. Béatrice, aliyekuwa na birika la chai mlangoni pa jikoni, alimtazama Flavia, akatikisa kichwa polepole. Usithubutu.

Ange alimtazama mama yake. Macho hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanangoja. Flavia aliona kwamba anataka kuamini. Kwamba neno moja tu, alikuwa anaua, mwanangu, lingetosha, na Ange angelia kidogo, na angekaa, na angekula, na jioni wangelala chumba kimoja kama zamani. Lilikuwa neno dogo. Alikuwa ameshasema madogo mengi.

"Hakuua," alisema Flavia.

Minani alisitisha kijiko. "Shemeji?"

"Hakuua hata mmoja. Niliwapaka vifaranga nyekundu kwa ajili ya mwewe. Matetea waliona damu, wakawadonoa. Mama yao pia. Yeye alikuwa anawazuia." Sauti yake ilikuwa ileile ya kuhesabu masufuria. "Nilijua jana, tulipokwisha kumchinja. Dakika thelathini baadaye nilijua. Nilikuwa na uwezo wa kungoja, sikungoja."

Mtoto mmoja aliendelea kunyonya mfupa. Mzee wa mchuzi alishusha sahani yake.

"Shemeji, kuku ni kuku," alianza Minani. "Hatuwezi siku ya leo..."

"Nilikuambia ungoje," alisema Ange. Alisema kwa Kiswahili, chote, bila kuchanganya. "Ukasema sawa."

"Nilisema sawa."

"Ulimkamataje? Hakubali mtu."

Flavia alifikiri kidogo, kwa kuwa swali lilistahili jibu la kweli. "Nilimtupia koti la baba yako. Akatulia."

Ange alitazama paja lililokuwa kwenye sahani. Aliiweka sahani juu ya kiti, kwa uangalifu, mchuzi usimwagike. Alichukua boksi lake, akatafuta funguo mfukoni. Watu walisogeza magoti ili apite. Minani aliinuka nusu, akamwita kwa jina. Béatrice alimshika mkono, naye akautoa mkono wake polepole, bila kumsukuma. Akavuka sebule, akafungua mlango wa mbele, akatoka.

Flavia alilisikia gari lake likiwaka.